Homa ya mgunda: hesabu ya ugonjwa unaojificha ndani ya homa nyingine

Leptospirosisi, ambayo Watanzania wengi waliisikia mara ya kwanza mwaka 2022 kwa jina la homa ya mgunda, husababishwa na bakteria wembamba waliojisokota kama uzi wa chuma, wanaoishi katika figo za wanyama na kutoka nje kwa mkojo. Panya ndiye hutajwa kwanza, na huweza kuwabeba maisha yake yote bila kuugua. Ng'ombe, nguruwe, mbuzi, kondoo na mbwa nao huwabeba. Mkojo ukishamwagika katika udongo wenye unyevu au maji yaliyotuama, bakteria huweza kuishi humo kwa wiki kadhaa, wakisubiri mtu mwenye mkwaruzo mguuni, kidonda kidoleni, au mikono michafu inayopangusa macho. Dalili huanza siku 5 hadi 14 baadaye, ingawa zinaweza kuwahi au kuchelewa hadi mwezi mzima.

Dalili zenyewe ndizo chanzo cha taabu yote ya kuuhesabu ugonjwa huu. Mgonjwa hupata homa ya ghafla, kichwa humgonga, misuli ya miguu na mgongo humuuma, hutapika na kukosa hamu ya chakula. Katika Kaunti ya Kakamega, magharibi mwa Kenya, iliyo kwenye ukanda wa malaria wa Ziwa Victoria, kila mzazi anayezijua dalili hizo hutaja malaria kabla hata ya kufika zahanati, na asipoitaja malaria atataja taifodi. Wengi hupona wenyewe. Wachache hugeuka manjano, figo zikafeli au mapafu yakavuja damu, na hapo kifo huja upesi. Dawa zipo na si ghali: doksisaiklini au penisilini, zikianza mapema. Tatizo ni kwamba hakuna anayempa mgonjwa dawa ya ugonjwa ambao hakuna aliyeufikiria.

Hata wanasayansi wakubwa walipotezwa na sura hii ya kuazima. Hideyo Noguchi, mtafiti Mjapani aliyefanya kazi Marekani, alitangaza mwishoni mwa miaka ya 1910 kwamba amempata mdudu wa homa ya manjano katika wagonjwa wa Guayaquil, Ecuador. Alichokuwa amekipata ni leptospira. Alifia Accra mwaka 1928 kwa homa ya manjano, akiwa bado anatafuta ushahidi wa dai lake.

Ukubwa wa kosa hili katika hospitali za Afrika Mashariki ulionekana wazi Moshi, Tanzania. Kati ya 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 wa homa waliolazwa katika hospitali mbili za mji huo, KCMC na Mawenzi. Madaktari waliandika malaria kwa wagonjwa 528, yaani 60.7%. Maabara ilipothibitisha, malaria iliwahusu 14 tu. Magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama yalikuwa chanzo cha homa kwa zaidi ya robo ya wale waliopimwa kikamilifu, na leptospirosisi pekee ilikuwa na wagonjwa 40. Hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye angeonekana katika daftari la kawaida la hospitali. Takwimu za wizara hutokana na madaftari hayo, na daftari linalosema malaria huzaa bajeti ya malaria.

Kuuliza "ugonjwa huu umeenea kiasi gani?" ni kuuliza maswali mawili tofauti kwa pumzi moja. La kwanza ni watu wangapi wamewahi kuambukizwa. Hilo hujibiwa kwa kuchukua damu ya watu wazima wa afya na kutafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili huacha baada ya kupigana na mdudu. La pili ni watu wangapi huugua kila mwaka. Hilo haliwezi kujibiwa kwa damu ya watu wenye afya. Linataka wagonjwa, tarehe, na idadi ya wakazi wa eneo walikotoka. Gazeti likiandika kwamba "asilimia fulani ya watu wana leptospirosisi" bila kusema ni swali lipi limejibiwa, msomaji anapewa namba isiyo na maana. Mtu mwenye kingamwili huenda aliugua miaka mitatu iliyopita, na huenda hakuugua kamwe.

Kipimo kinachochukuliwa kuwa hakimu wa ugonjwa huu kina zaidi ya miaka 100 na bado kinafanywa kwa jicho na hadubini. Maabara hufuga bakteria hai wa aina mbalimbali, mara nyingi 20 au zaidi, kila aina katika chupa yake, wakilishwa na kuhamishiwa chupa mpya kila baada ya muda. Seramu ya mgonjwa huzimuliwa hatua kwa hatua, nusu kila mara, kisha huchanganywa na kila aina. Mtaalamu hutazama kwenye hadubini yenye mwanga wa pembeni, ambapo bakteria huonekana kama nyuzi nyeupe zinazocheza katika giza. Seramu ikiwa na kingamwili, nyuzi hizo hushikana na kuwa mafundo. Namba inayoandikwa ni kiwango cha mwisho cha kuzimua ambapo nusu ya bakteria bado wameshikana: 100, 200, 400, 800 na kuendelea.

Hapo ndipo ugumu huanza. Kwanza, kipimo humtambua tu bakteria aliyewekwa mezani au ndugu zake wa karibu. Maabara inayotumia mkusanyiko wa aina za Ulaya pekee inaweza kumwambia mgonjwa wa Malava, Kakamega, kwamba hana kitu. Ndiyo maana kazi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ya kuwatafuta bakteria wa huku kwetu ina thamani kubwa. Aina moja iliyotolewa katika ng'ombe wa Morogoro imepewa jina la Sokoine, na sasa huwekwa kwenye meza za maabara zinazopima sampuli za Afrika Mashariki. Pili, kingamwili huchukua siku kadhaa kujitokeza. Mgonjwa anayepimwa siku ya tatu ya homa anaweza kuonekana hana ugonjwa, hivyo uthibitisho kamili unataka damu mara mbili, ya pili ikichukuliwa baada ya wiki mbili au zaidi, na kiwango kiwe kimepanda angalau mara nne. Mtu aliyekwisha kupona na kurudi shambani hana sababu ya kutumia nauli ya boda boda ili achomwe sindano tena. Kila anayekosa kurudi hupunguza hesabu.

Vipo vipimo vya haraka zaidi, kama ELISA, na vile vinavyotafuta chembe za urithi za bakteria katika damu ya siku za mwanzo. Navyo vina makosa yake, na makosa madogo huharibu hesabu kubwa. Chukua kata ya watu 1,000 ambamo 40 wameambukizwa. Kipimo kinachowanasa 90% ya walioambukizwa kitawapata 36. Kipimo hicho hicho kikikosea kwa 5% tu ya watu wasio na maambukizi, kitawatia hatiani 48 kati ya 960. Ripoti itasema watu 84, yaani 8.4%, ilhali ukweli ni 4%, na zaidi ya nusu ya waliotajwa hawahusiki. Watafiti makini hurekebisha namba kwa kutumia viwango vya makosa vinavyojulikana vya kipimo. Ripoti isiyosema kama marekebisho hayo yamefanywa inafaa kusomwa kwa tahadhari.

Mahali ambapo hesabu imefanyika vizuri ni visiwani, na sababu yake si fumbo. Kisiwa kina mpaka ambao hakuna anayebishana nao, idadi ya wakazi inajulikana, na hospitali ni chache. Shelisheli ndiyo mfano bora wa Bahari ya Hindi. Kuanzia mwishoni mwa 1995, kwa miezi 12, madaktari wa nchi hiyo walimpima kila mgonjwa aliyeshukiwa. Katika wakazi takribani 75,000 walithibitisha wagonjwa 75, na 6 wakafa. Kiwango kilikuwa 101 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, kimoja cha juu kabisa kuwahi kuandikwa duniani. Watafiti hao waliwapima pia watu wasioumwa, na zaidi ya theluthi moja walikuwa na alama za maambukizi ya zamani. Ukiweka matokeo hayo mawili bega kwa bega, umbali kati ya swali la kwanza na la pili unaonekana: mtu mmoja kati ya 1,000 huugua kwa mwaka, lakini zaidi ya mmoja kati ya watatu amewahi kukutana na mdudu.

Hesabu ilirudiwa Shelisheli katikati ya miaka ya 2010 kwa wagonjwa wenye homa. Safari hii kiwango kilikuwa karibu 55 kwa 100,000, na 11.8% ya waliothibitishwa kuwa na ugonjwa walikufa. Visiwa vya Mayotte na Réunion, vilivyo katika bahari hiyo hiyo, navyo vina ufuatiliaji wa muda mrefu kwa sababu maabara za Ufaransa hupokea sampuli zao. Matokeo yake ni picha ya dunia iliyopinda: visiwa vidogo vinaonekana kama makao makuu ya ugonjwa, na bara kubwa la Afrika linaonekana jeupe kwenye ramani. Weupe huo ni wa maabara zisizokuwepo. Makadirio ya dunia yaliyochapishwa mwaka 2015 yalitaja wagonjwa milioni 1.03 na vifo 58,900 kila mwaka, na sehemu kubwa ya makadirio ya Afrika ilibidi itegemee tabianchi, umaskini na data chache mno za hapa kwetu.

Bara halina ufuo wa kuwazuia wagonjwa wasitawanyike. Mkazi wa Shinyalu mwenye homa ana njia nyingi: duka la dawa sokoni, zahanati ya serikali, kliniki ya mtu binafsi, hospitali ya misheni ya Mukumu, Hospitali Kuu ya Kaunti mjini Kakamega, mganga wa miti shamba, au kitanda chake mwenyewe. Anayehesabu wagonjwa wa hospitali moja huwahesabu walioichagua hospitali hiyo tu. Watafiti wale wa Moshi, mkoani Kilimanjaro, walilikabili tatizo hili kwa njia inayofaa kuigwa. Mbali na kuwapima wagonjwa wa hospitali mbili, walikwenda kaya kwa kaya wakiuliza familia zingempeleka wapi mgonjwa wa homa. Jibu likiwa, kwa mfano, kwamba kaya 4 kati ya 10 zingekwenda katika hospitali hizo, basi kila wagonjwa 4 waliothibitishwa husimama mahali pa 10. Kwa hesabu hiyo walikadiria kiwango cha 75 hadi 102 kwa watu 100,000 kwa mwaka katika 2007 na 2008, kinachokaribiana na kile cha kwanza cha Shelisheli. Dhana kwamba huu ni ugonjwa wa visiwani ilipata pigo kubwa.

Kisha walirudi. Kati ya 2012 na 2014, kwa mbinu ile ile na mkoa ule ule, kiwango kilikuwa 11 hadi 18. Ugonjwa ulikuwa umeshuka hadi chini ya robo. Hili linapaswa kumzuia yeyote anayetamani kuazima namba ya jirani. Sensa ya 2019 iliipa Kakamega wakazi 1,867,579. Ukiiwekea kaunti hii kiwango cha Kilimanjaro cha 2007, unapata wagonjwa kati ya 1,400 na 1,900 kwa mwaka. Ukitumia cha 2012, unapata kati ya 205 na 336. Hesabu zote mbili ni sahihi kimahesabu, na hakuna hata moja inayoweza kumwongoza afisa wa afya aagize dawa kiasi gani. Kakamega inahitaji hesabu yake.

Mambo yanayojulikana kuhusu magharibi mwa Kenya yanatosha kuonyesha kwamba hesabu hiyo haitarudi na sifuri. Mwaka 2004, katika Wilaya ya Bungoma ya wakati huo, wanafunzi wa shule ya bweni walianza kuugua kwa wingi. Shirika la Afya Duniani lilitangaza wagonjwa 141 na vifo 6, na leptospirosisi ikatambuliwa kuwa chanzo. Bungoma inapakana na Kakamega, mvua ni ile ile, na maji ya Mto Nzoia ni yale yale. Mlipuko kama huo huonekana kwa sababu wengi wanaugua mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mgonjwa mmoja mmoja, leo Lurambi, kesho Navakholo, hapigiwi simu Nairobi. Ruangwa, kusini mwa Tanzania, nako mwaka 2022 wagonjwa 20 na vifo 3 vilionekana kwa sababu baadhi walitokwa damu puani, na serikali ikahofia Ebola na Marburg hadi vipimo vilipoonyesha homa ya mgunda.

Kipimo kilicho karibu zaidi na Kakamega kilifanywa katika machinjio. Mwaka 2012 watafiti walizunguka machinjio 142 ya magharibi mwa Kenya, katika eneo linalogusa Busia, Bungoma, Siaya na Kakamega, wakachukua damu ya wafanyakazi 737. Waliokutwa na kingamwili walikuwa 99, yaani 13.4%. Machinjio mengi ya aina hiyo ni sakafu ya saruji yenye ukuta mfupi, wakati mwingine bila paa. Kazi huanza alfajiri kabla mkaguzi wa nyama hajafika na mhuri wake. Mmoja anachuna ngozi, mwingine anapasua tumbo, na kijana mwenye gambuti zilizotoboka, au asiye nazo, anapindua matumbo na kuyaosha kwa mikono mitupu, maji yakitiririka miguuni hadi kwenye shimo la taka ambalo panya wamelizoea. Utafiti ulionyesha kwamba waliofanya kazi hiyo ya kuosha matumbo walikuwa hatarini zaidi, pamoja na wenye vidonda, na waliokula au kuvuta sigara kazini. Hayo ni mambo yanayoweza kurekebishwa kwa glavu, gambuti nzima, sabuni na mahali pa kulia chakula, bila kusubiri utafiti mwingine wowote.

Hata hivyo 13.4% ni namba ya wachinjaji. Haiwezi kuvishwa mama anayelima mahindi Khwisero. Na Kakamega ina kazi nyingine ambazo historia ya ugonjwa huu inazielekezea kidole. Huko Queensland, Australia, katika miaka ya 1930, wakataji miwa waliugua hadi wakagoma mwaka 1935, wakidai mashamba yachomwe kabla ya kuvunwa ili kuwafukuza panya. Kakamega ni nchi ya miwa kuanzia Mumias hadi Kabras. Hapa mkataji huingia katika miwa mibichi, panga mkononi, majani yakimchana mikono na shingo, chini kukiwa na mashimo ya panya na tope la msimu wa mvua. Wachimbaji migodi nao walitambuliwa mapema kuwa kundi la hatari katika nchi nyingine. Dhahabu ya Kakamega, iliyowavuta wazungu katika miaka ya 1930, bado inachimbwa na wenyeji wa Ikolomani na Rosterman katika mashimo yanayojaa maji, vijana wakiwa miguu mitupu. Sampuli itakayochukuliwa kwa kusimama sokoni mchana itawakosa wote hawa, maana saa hiyo wako kazini.

Kumhesabu binadamu peke yake pia hakutoshi. Katika mtaa wa Kibera, Nairobi, panya 41 kati ya 224 waliochunguzwa, yaani 18.3%, walikuwa na bakteria katika figo. Moshi matokeo yalikwenda kinyume na matarajio: kati ya panya 384 hakuna hata mmoja aliyekutwa nao, lakini ng'ombe walikuwa nao kwa 7%. Uchunguzi wa wagonjwa wa huko ukaafiki, kwani kulisha ng'ombe na kusafisha kinyesi chao vilihusiana na ugonjwa. Kampeni ya kuua panya ingekuwa bure Moshi, na ingeweza kusaidia Kibera. Kakamega ina sura zote mbili. Mjini kuna panya wa masoko na mitaro. Vijijini karibu kila boma lina ng'ombe mmoja au wawili, wengine wakilala hatua chache kutoka jikoni, na huko Isukha na Idakho fahali wa mapigano hutunzwa kwa ukaribu ambao wageni hushangaa kuuona. Ng'ombe aliyeambukizwa anaweza kuharibu mimba au kupungukiwa maziwa, na mkulima akapata hasara bila kujua kwamba yeye mwenyewe yuko hatarini anapomsaidia kuzaa.

Mwaka 2015 Kenya iliyapanga magonjwa yanayotoka kwa wanyama kwa umuhimu. Kimeta, malale, kichaa cha mbwa, brusela na homa ya Bonde la Ufa vilishika nafasi tano za juu. Leptospirosisi haikuingia. Shirika la Afya Duniani nalo halijaiweka katika orodha yake ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa. Mzunguko huu ni mbaya kwa kweli: ugonjwa usiohesabiwa haupewi kipaumbele, na usiopewa kipaumbele hautengewi pesa za kuhesabiwa.

Msingi wa kuuvunja mzunguko huo upo tayari katika eneo hili. Mradi wa ZooLinK, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Liverpool pamoja na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo na washirika wa Kenya, uliweka ufuatiliaji wa pamoja wa watu na mifugo katika kaunti za Busia, Bungoma na Kakamega, ukikusanya sampuli katika masoko ya mifugo, machinjio na hospitali. Hesabu kamili ya homa ya mgunda ingeongeza mambo manne juu ya msingi kama huo. Hospitali teule zingempima kila mgonjwa wa homa asiye na malaria kwa mwaka mzima, ili misimu miwili ya mvua iwemo. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao tayari wanazijua kaya zao kwa majina, wangeuliza wagonjwa hupelekwa wapi. Mezani kungekuwa na bakteria wa Afrika Mashariki. Na nauli ya kurudi kutoa damu ya pili ingelipwa na mradi, si na mgonjwa.

Hilo la mwisho ndilo rahisi kuliko yote kulitengea pesa na ndilo husahaulika mara nyingi zaidi. Bila damu ya pili, mgonjwa huandikwa kuwa "anashukiwa", na katika hesabu ya mwisho wanaoshukiwa hawamo.